Kilo Moja ya Ziada ya Rubani

Nakiri mapema: mimi nikishapima kitu mara mbili, bado roho haitulii.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani wa uwanja mdogo wa ndege nje ya mji wa Ngara. Ndege ndogo za misaada zilitua pale kwenye changarawe, mbuzi wakishafukuzwa. Kazi yangu ilikuwa kupima uzito wa abiria, kwa mizani ya magunia ya kahawa tuliyoazima. Hakuna aliyenifundisha. Kanuni za usafiri wa anga nilizisoma mwenyewe katika kijitabu kisicho na jalada, kamusi pembeni, nikazikariri kama katekisimu.

Jumatano moja na mimi nilikuwa abiria. Rubani, mzee mcheshi aliyetujia kila wiki kutoka Mwanza, alikuwa ameniahidi kiti cha mbele, ubavuni pake, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Sikuwa nimewahi kupanda ndege. Nusu ya kijiji chetu cha Kirushya walijua. Mama alinipigia gauni pasi mpaka kola ikasimama yenyewe.

Nikaanza kupima. Sista wa misheni alipanda mizani akafumba macho.

"Usitaje kwa sauti," akaninong'oneza.

"Sista, gunia la kahawa halioni haya," akadakia askari polisi wa zamu.

Kisha rubani. Kila Jumatano alikuwa kilo sabini na nane, hapungui haongezeki. Siku hiyo, sabini na tisa. Nikamshusha, nikampandisha tena. Sabini na tisa.

"Ndizi za huku hizo, mzee," askari akasema. "Zinakaa mwilini."

"Samahani, mzee, naomba utoe vitu vya mifukoni," nikasema.

Akatoa kalamu, miwani ya jua, pipi mbili. Mshale haukutikisika. Akaniinamia. "Binti, andika sabini na nane. Kiti chako kinakungoja." Halafu akainua pindo la shati kidogo. Kiunoni, upande wa kulia, kulikuwa na bastola.

"Ya nini, mzee?"

"Husikii uvumi wa ndege kutekwa? Mtu akinijia huko juu, nimpige na ramani?"

Nilijua nikiendelea kubisha, kiti changu kitaota mbawa. Kwa sekunde kadhaa, nakiri, kalamu yangu ilikwisha kuandika saba, ikielekea nane. Lakini ndege ile haikuwa na mlango wala hata pazia kati ya rubani na abiria.

"Mzee, iko kulia," nikasema, sauti ikipanda kama ya mtoto. "Kulia ndiko nitakakokaa. Wewe mikono yako iko kwenye usukani. Sasa atakayewahi kuishika ni wewe au mimi?"

"Na mimi niko nyuma yake," sista akasema. "Mkono wangu unafika."

Rubani akaangua kicheko. "Nimezingirwa kabla sijaruka!"

Akamkabidhi askari bastola. Askari akatoa risasi, akaifungia kwenye sanduku la chuma, akaandika stakabadhi. Nikaisoma, nikamrudishia.

"Afande, umesahau namba ya silaha."

"Dada, utazeeka mapema."

Rubani alikwenda kwenye ndege bila kunitazama. Nikabaki nimeshika kola yangu, nikijitungia uongo wa kuwaambia Kirushya. Mlangoni akageuka.

"Umeninyang'anya mlinzi wangu. Basi njoo ulinde wewe. Panda!"

Nilifunga mkanda, nikamwomba aukague. Changarawe ikagonga tumbo la ndege, kisha ikanyamaza ghafla, na migomba yote ya Ngara ikawa midogo kama mboga za bustanini. Ng'ambo ya kilima maturubai ya kambi yalimetameta. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi, nikashindwa kabisa kuacha.

"Binti, unaumwa?" rubani akauliza, akinigeukia.

"Hapana, mzee," nikasema. "Tafadhali, tazama mbele."