Shosho Aliyetunyima Moto

Jumamosi iliyopita mtoto wa jirani alinibishia hodi hapa Riruta, ghorofa ya tatu, akaomba kiberiti. Mama yake alikuwa ametoka na kiwashio cha meko yao kilikuwa kimekufa. Kiberiti nilikuwa nacho mkononi, na bado nikamwambia hapana. Nikamsikia akishuka ngazi akimwambia dadake, "Huyo mathe ni mchoyo, aki!" Basi rafiki yangu, ilibidi nikae chini. Neno hilo nalijua vizuri, maana niliwahi kumbandika mtu.

Hiyo ilikuwa Kambi Muru, Kibera, miaka ya tisini. Mama alikuwa akifulia watu nguo, na akirudi jioni alitaka akute jiko limeshika. Kiberiti hakikuwepo kila siku. Aliyewahi kuwasha makaa ndiye aliyewagawia wengine: mtoto alitumwa na kifuniko cha sufuria kuukuu, akawekewa kaa moja jekundu, akakimbia nalo. Kuta zilikuwa za udongo, ndani zimebandikwa katoni, na sisi tunakimbia na moto katikati yake!

Jirani yetu wa ukuta mmoja, bibi mzee tuliyemwita shosho, hakuwahi kutupatia moto. "Moto sipei mtoto. Mama yako akuje." Chumvi alitoa, kitunguu alitoa, lakini nani alikuwa anahesabu hivyo? Sisi watoto tulimwita mchoyo. Fundi wa mbao, ambaye mlango wake ulikuwa wa mwisho kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, alimwita bahili. Siku mwalimu alipotufundisha "mkono wa birika", nilirudi nyumbani mbio, nikayapanga maneno yote matatu yakawa wimbo wa kuruka kamba. Niliutungia pale pale kwenye ukuta wake. Mama aliposikia alisema tu, "Moto ni wake, mwacheni."

Sasa jioni moja upepo ulikuwa mkali, mama hajarudi, na jiko letu baridi. Nikamwendea shosho.

"Shosho, saidia na moto."

"Mama yako akuje."

"Lakini ako kazi!"

Nikamtupia yale maneno matatu mlangoni, nikaenda kwa muuza mahindi choma barabarani. Huyo alinipa kaa kubwa bila kuuliza.

Nilipofika kwa fundi, upepo ulilichukua kaa kutoka kwenye kifuniko na kulitupa kwenye maranda ya mbao. Yalikuwa makavu. Moto ukalamba pazia la mlango na mimi nimesimama tu, nikiwaza mlango wa pili, na wa tatu, na wetu, ambamo mdogo wangu alikuwa amelala.

Shosho alitoka na mtungi. Mifereji ilikuwa imekauka kwa siku tatu, na ploti nzima ilijua hayo ndiyo maji yake ya mwisho. Aliyamwaga yote. Akakanyagakanyaga kwa ndara zake mpaka moshi ukaisha, kisha akanishika mkono.

"Mtoto wangu alibeba kaa hivi hivi," akasema. "Alikuwa na miaka saba."

Watu wakaja mbio. Fundi akauliza kwa hasira ni nani aliyeleta moto. Kifuniko bado nilikuwa nacho. Shosho alikichukua, akakificha ndani ya leso yake.

"Ni mimi. Nilikuwa namwaga majivu."

"Kumbe!" fundi akafoka. "Moto wa kutupatia hauna, lakini wa kutuchoma uko?"

Watu wakacheka.

Kuanzia kesho yake, kila jioni shosho alichukua jiko letu, akaliwasha kwake, akatuletea mwenyewe hadi mlangoni. Lakini wimbo haukukoma. Ili niuzime ningelazimika kusema ni kwa nini, na nikisema, mama atajua ni nani aliyetaka kuichoma ploti. Kila jioni nilijiandaa kusema, nikaogopa. Siku nyingine, ili nisishukiwe, niliimba pia. Hofu ile nililala nayo na kuamka nayo.

Mwisho wa mwaka tulihamia mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Shosho alitoka kutusaidia kufunga godoro. Nyuma yake watoto walikuwa wanaruka kamba, wanaimba maneno yangu. Alijua ni yangu. Alinifunga sweta vifungo, akaniambia niende salama.

Nilirudi huko nikiwa mtu mzima, nikakuta ploti imebomolewa na hakuna aliyejua shosho aliishia wapi. Siku hizi hakuna anayebeba kaa kwenye kifuniko, na ni nadra majirani kuombana kitu, hata cha kunyimana.

Jumamosi ile niliinuka, nikateremka na kiberiti changu, nikawawashia meko mwenyewe, nikangoja hadi mama yao akaingia. Mtoto hakuniangalia usoni. Alikuwa anautazama mkono wangu uliokifumbata kile kiberiti.

Nilipokuwa napanda ngazi nikawasikia wakianza tena: mchoyo, mchoyo. Nikawaacha waimbe.