Tarehe Iliyojiandika

Nikiri mapema, kabla hamjaisikia kwa wengine: mimi ndiye niliyesimama mbele ya jeneza, na sauti yangu nzuri na shati la kuazima, nikawatangazia waombolezaji kwamba marehemu amekufa asubuhi hiyohiyo. Mpaka leo nikifika karibu na nyumba ile ya msiba, mtaa wa Gerezani, navuka barabara.

Kazi yangu ni kuchapa, kwenye duka la steshenari Kariakoo, kati ya duka la vitenge na la ndoo (riwaya naiandika wateja wakipungua, ndiyo maana haiishi). Nachapa mikataba ya pango, kadi za harusi, na zaidi ya vyote wasifu wa marehemu, ule unaosomwa msibani. Huo nimeutengenezea fomu kwenye kompyuta, unajaza visanduku tu, jina, kuzaliwa, ndoa, watoto, kufariki, na vile vya tarehe nilivitega vijipange vyenyewe, ukiandika tarakimu vinageuka kuwa siku na mwezi kwa maneno, kwa Kiswahili safi. Niliringia fomu ile kuliko riwaya.

Jumanne moja asubuhi akaingia Mangi Elia, mwenye duka la vitenge, macho mekundu.

"Mtunzi," akasema (ndivyo wanavyonitania), "mama ametutoka."

"Pole sana, Mangi. Lini?"

"Leo. Saa kumi na moja alfajiri, mikononi mwangu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kuandika tarakimu, nikaona kwenye orodha kuna kisanduku cha aina ya "tarehe ya leo", nikabonyeza, Jumanne ikajitokeza na tarehe yake na mwezi wake bila mimi kugusa namba hata moja, nikaona raha. Mangi akasoma mstari kwa mstari, akafuta machozi, akasema hakuna kosa, nichape nakala arobaini siku ya ibada, Ijumaa, picha ikishapatikana. Na kweli, siku ile hakukuwa na kosa.

Ijumaa nikafungua faili, nikapachika picha, nikachapa. Sikusoma. Nani husoma kilichokwisha kupitishwa?

Ibada ya kuaga ilikuwa uani kwao, chini ya turubai, kabla ya safari ya kwenda kuzika Moshi. Mpwa aliyepangiwa kusoma wasifu alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, Mangi akanigeukia: "Soma wewe, maneno ni yako." (Ningeweza kukataa.) Nikasimama, nikasoma polepole, nikaipandisha sauti, nikaishusha, mpaka wabeba mizigo nje ya ukuta wakasimamisha mikokoteni yao, nikafika: "Alifariki Ijumaa," na mdomo ukaendelea na tarehe yote, kwa sababu mdomo wangu hupenda mdundo kuliko maana, "saa kumi na moja alfajiri, mikononi mwa mwanawe."

Karatasi ambazo watu walikuwa wakijipepea nazo zikasimama. Mama mmoja aliyekaa jirani na jeneza akavuta kiti chake nyuma, taratibu, miguu ya plastiki ikakwaruza saruji.

Akasimama Dada Aika, mdogo wake Mangi, aliyeolewa Mtwara na kufika jana yake jioni.

"Kaka," akasema, bila kupaza sauti. "Ijumaa ni leo."

"Kaa, Aika. Kijana kakosea."

"Jana nilikuomba unipeleke mochwari nikamwone. Ukasema nipumzike. Alikuwa wapi jana?"

"Mama katutoka Jumanne. Si ndiyo siku niliyokupigia?"

"Karatasi yako inasema jana alikuwa hai."

Nikaona niokoe jahazi. "Samahanini," nikasema, "ile tarehe hujiandika yenyewe." Nilipoyasikia maneno yangu nilitamani kuyameza. Mzee mmoja nyuma akauliza, kwa upole kabisa, "Inaandikwa na nani?"

"Fungueni," Aika akasema.

Mchungaji akaitikia kwa kichwa, jeneza likafunguliwa kabla ya wakati wake, na naapa sote tulikuwa tukikitazama kifua cha yule bibi. Aika akaweka mgongo wa kiganja shavuni kwa mama yake, kama unavyompima mtoto homa, akakaa hivyo muda mrefu, nami nikajikuta naomba aseme kuna joto, kisha nikaomba asiseme.

"Ni baridi," akasema. "Baridi ya siku nyingi. Nisamehe, kaka."

Mangi hakunigombeza. Alikusanya karatasi zote, akanipa na kalamu, akanionyesha mlango. Nikakaa nje juu ya mkokoteni, nakata Ijumaa, naandika Jumanne, na mbeba mizigo mmoja akichungulia begani kwangu: "Sasa bosi, huyu bibi kafa lini?"

Kesho yake nikafungua faili nilisahihishe. Alifariki Jumamosi: kisanduku kile hufuata siku ya kufungua faili, si siku ya kuliandika. Nikafungua na ya wengine niliowaandikia tangu Jumanne kwa uvivu uleule, mmoja mmoja, wa Ilala, wa Keko, wa Buguruni, na duka likiwa limejaa watu wanaoulizia bahasha, marehemu wale wote walikuwa wamefariki Jumamosi ile.

Sasa tarehe ya kufa naiandika kwa vidole vyangu, na mwenye msiba anaisoma kwa sauti siku ya kuchapa, hata akikasirika.

Nakala nilizosahihisha ni thelathini na tisa. Ya mwisho, Ijumaa ileile, Aika aliniwahi, alitoka nje, akaivuta kabla kalamu haijaigusa.

"Dada, hiyo ina kosa," nikamwambia.

"Najua." Akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga. "Kwenye hii alinisubiri."