Matuta Yasiyopewa Kitu

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima nyanya. Nilikuwa moniteri wa kilimo, msaidizi wa bwana shamba, huko Albertville, jina ambalo Wabelgiji walikuwa wameupa mji wetu wa Kalemie, na watu wa site, mtaa wetu Waafrika, walinicheka. Nilikuwa nimemaliza shule, nina suruali ndefu ya kaki na kalamu mfukoni, lakini kutwa nzima nilichuchumaa kati ya matuta nikihesabu matunda yaliyopasuka.

Shamba la majaribio lilikuwa karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Mkubwa wangu alikuwa Mbelgiji mwembamba, mtu wa homa za mara kwa mara, bwana shamba ambaye sote tulimwita Bwana Agronomu. Hakuwa mtu wa kupiga. Hasira yake ilikuwa kwenye kalamu. Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu cha kazi, na mstari mmoja mbaya ndani yake ulitosha kukufungia kila mlango, kuanzia bandarini hadi reli. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi. Mke wangu alikuwa na mimba changa, na ile iliyotangulia ilikuwa imeharibika. Basi nilikiogopa kile kitabu kuliko nilivyoogopa ugonjwa.

Kiangazi kile tulikuwa na matuta kumi na sita, yote ya mbegu moja. Manne yalipewa mbolea ya chumvichumvi iliyokuja kwa magunia, manne samadi ya ng'ombe, manne yalifunikwa nyasi kavu. Manne ya mwisho hayakupewa kitu.

"Haya njo muhimu kuliko yote," Bwana Agronomu aliniambia kwa Kiswahili chake kizuri. "Bila haya hatuwezi kujua mbolea imefanya kazi gani. Maji tu. Umesikia?"

Nilisikia. Kisha akaondoka kwenda kukagua mashamba ya upande wa Manono, akaniachia mizani, kaye la kuandikia lenye kurasa zilizotiwa namba, na Mama mmoja wa kupalilia na kumwagilia. Huyu Mama alikuwa mjane kutoka Zongwe, umri wa mama yangu mzazi. Alifanya kazi bila kuchoka, na alikuwa na tabia ya kuisemesha miche kama mtu anayelisha watoto. Sikuona ubaya wowote.

Mavuno yakaanza. Juma la kwanza nilipima, nikaandika, sikufikiri sana. Juma la pili nilijumlisha na mkono ukasimama. Matuta yasiyopewa kitu yalikuwa yameshinda yale ya chumvichumvi. Si kwa uzito tu. Nyanya zake zilikuwa nene, nyekundu hadi kwenye kikonyo, na majani yalikuwa ya kijani kilichokolea kiasi cha kutia shaka.

Nilidhani mizani imeharibika. Nikaenda dukani kwa Mwarabu, nikanunua pakiti ya sukari ya kilo moja, nikaiweka juu yake. Kilo moja kamili. Nikadhani nimechanganya vibao vya namba. Nikazunguka shamba na ramani mkononi, tuta moja baada ya jingine. Kila kibao kilikuwa mahali pake. Kama kosa halikuwa la mizani wala la vibao, lilikuwa langu, na nilikuwa silijui.

Siku moja asubuhi nilifika mapema kuliko kawaida, jua ndiyo kwanza linatoka upande wa ziwa. Nilimkuta Mama ameinama juu ya tuta la kumi na tatu, anamimina ndoo taratibu. Maji yale hayakuwa ya mfereji. Yalikuwa mekundu, na nzi walikuwa wanayafuata. Nilipokaribia niliona magamba ya samaki yamenata kwenye udongo. Ile harufu nilikuwa nimeinusa majuma mengi, lakini katika mji wetu nani anashtuka kwa harufu ya samaki?

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. Alimaliza kumimina kwanza.

"Papa Moniteri, haya manne yalikosa nini? Ndugu zao wanakula, yenyewe yanatazama tu. Miye siwezi kupita na ndoo mbele ya muntu mwenye njaa."

"Si muntu, Mama. Ni nyanya!"

"Nimezipanda kwa mukono wangu," alisema. "Wamama pale pwani wanaosha samaki, maji yale wanayamwaga bure. Nikayaomba."

"Tangu lini?"

"Tangu ziote."

Nilikaa chini palepale kwenye njia. Majaribio yote yalikuwa yamekufa na nilikuwa nimeyaandika kwa wino mwezi mzima kama kitu kizima. Nilimwambia aache, naye aliacha, ila alininunia. Kuanzia siku ile hatukusalimiana vizuri.

Mke wangu nilipomweleza alikuwa anachambua mboga mlangoni. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na yule Mama."

"Basi nyamaza, Papa. Andika namba anazozitaka Bwana wako. Nyanya zimekwisha kuliwa, haziwezi kuongea. Unataka nizalie wapi, chini ya mti?"

Nilijaribu. Kwenye karatasi ya pembeni nilipanga hesabu nyingine, za uongo, nikiyashusha yale matuta manne kidogo kidogo hadi yakawa ya mwisho. Zilipendeza. Lakini kaye lilikuwa na kurasa za namba, huwezi kuchana hata moja. Ningelazimika kuliandika lote upya kwenye kaye jipya, na kaye jipya sikuwa nalo. Nilitembea na ile karatasi mfukoni siku kumi na moja. Kila treni ya kutoka Kabalo ikipiga honi nilitoka kuangalia barabarani kama Bwana Agronomu amerudi.

Siku Bwana Agronomu aliporudi, alikuwa amekonda zaidi na macho yake yalikuwa ya njano. Aliketi kwenye biro, kibanda cha mabati kilichokuwa ofisi yetu, akafungua kaye. Nilisimama mbele yake, mikono nyuma. Alisoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele.

Akatabasamu.

"Hii njo ajabu," alisema. "Udongo huu wa ziwa hautaki kitu! Mbolea inaupa hasara. Unajua maana yake? Tutaandika kwa wakulima wote wa pwani, wasiweke samadi, wasiweke kitu. Maji tu."

Tayari alikuwa amevuta mashine ya kuandikia.

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nimeogopa asiamini, kumbe ameamini. Baba mkwe wangu alilima vitunguu na kabichi kwenye pwani ileile. Akilini nilimwona akisomewa barua yenye mhuri wa serikali, akiacha samadi yake, na mashamba yakidhoofika mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya ndoo za mwanamke mmoja mwenye huruma na ukimya wangu.

"Bwana," nilisema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. "Hayo matuta yalikula."

Nilimweleza yote. Hata ile karatasi niliitoa mfukoni nikaiweka mezani, sijui kwa nini, hakuwa ameiuliza. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyolitazama kaye. Kisha akasema nimwite Mama.

Mama aliingia akifuta mikono kwenye kitenge. Alipoulizwa hakukana.

"Bwana, ulitaka kujua nini?" alimwuliza. "Kama tomati ukiinyima chakula inakonda? Hiyo hata mutoto anajua."

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Mimi sikufukuzwa, lakini nilisimama pale nikimtazama Bwana akiandika katika kitabu changu cha kazi neno la Kifaransa lenye maana ya mzembe. Nilirudi nyumbani, nikampa mke wangu kitabu. Alikishika kwa mikono miwili, akauliza, "Nyumba?" Nikamwambia nyumba tunayo. Ndipo alipoanza kulia. Majuma machache baadaye alijifungua mtoto wa kike, mzima.

Kiangazi kilichofuata Bwana Agronomu alinituma Zongwe kumrudisha Mama. Hakueleza, ila matuta yalikuwa ishirini safari hii, na manne yalikuwa ya maji ya samaki. Mama alinifanya nisubiri kutwa nzima kabla ya kukubali. Nilisimama kando yake kila alipomwagilia, nikihesabu ndoo, moja kwa kila tuta kwa juma.

Matuta ya samaki yalizaa sana, lakini matunda mengi yalipasuka. Yale ya nyasi yalizaa matunda machache zaidi, ila ngozi yake ilikuwa nzima na yalifika Kabalo kwa treni bila kuharibika. Bwana Agronomu akaandika kwamba wakulima wafunike udongo kwa nyasi na kutia maji ya samaki kidogo. Baba mkwe wangu alifanya hivyo, na kabichi zake zilikuwa nzuri. Kwenye ile ripoti sikuliona jina la Mama wala langu.

Nilimsomea Mama, nikimtafsiria Kifaransa mstari kwa mstari. Alisikiliza, mikono magotini.

"Wamesema ndoo ngapi?"

"Moja kwa juma. Kama tulivyofanya."

"Moja ni kidogo," alisema, kisha akachukua jembe lake akaenda zake.

Sikumwuliza kama kulikuwa na ndoo nyingine alizomwaga nikiwa sipo. Ripoti ilikuwa imekwisha kutumwa.