Mkono Nilioubusu Dukani

Macho yangu ni hafifu, nami kazi yangu ni kuchora stika. Niipendayo zaidi ina msichana wa miwani minene na maneno: “Nikikupita bila salamu, sikukuona.” Nilichoka kuambiwa nina maringo!

Juzi nilizipeleka Makadara kwa Bi Zainabu, muuza mabuibui niliyekuwa nimemtumia picha za stika hizo, nikitaka aniwekee dukani. Wasiwasi ulinizungusha mtaa mzima kabla sijathubutu. Mwishowe nikaingia mbio, nikamwona amesimama kimya. “Shikamoo, bibi.” Nikainama, nikaubusu mkono wake.

Mkono ukachomoka, ukabaki mkononi mwangu. Nikapiga ukelele.

“Hilo ni sanamu, mwanangu,” sauti ikasema nyuma yangu. Bi Zainabu alikuwa ameketi mlangoni. “Mimi umenipita hapa. Haya, nipe stika yangu.”