Huo Msala Wako

Mkuu wa chuo alinichagua kuwa mshauri nasaha kwa sababu moja tu: katika vikao vya walimu mimi sisemi. "Wewe unajua kusikiliza," aliniambia mbele ya watu. Sikumwambia kwamba vikao vyetu hufanyika baada ya chakula cha mchana, na kwamba alichokiona yeye kuwa ni usikivu ni usingizi wa macho wazi. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilikuwa nimezowea mito na milima, vitu visivyolia.

Nikapelekwa semina. Huko tulifundishwa kuinamisha kichwa kidogo upande, kumtazama mwanafunzi bila ya kumkodolea, na kusema "nakusikia" kila anapovuta pumzi. Niliporudi nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo, baina ya jiko la mkahawa na choo cha walimu. Nyavu za mpira wa pete hazikuwa na pa kwenda, zikabaki pamoja nami. Mwanafunzi mwenye huzuni ilimbidi apite mbele ya foleni nzima ya wanaonunua maandazi, kwa hivyo wengi walinunua na wao, wakaingia kwangu kama waliopotea njia. Wakishaanza kusema hamu ya kula inawatoka, andazi wananiachia mimi. Mwaka ule nilinenepa.

Asubuhi moja akaja mlezi wa dahalia, bweni la wasichana, mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Mwalimu, kuna msichana anasali nje, pale kwenye kamba za nguo. Chumba anacho, tena kizuri. Nimemuuliza, hasemi. Mwenzake naye hasemi. Wamepiga shuka katikati ya chumba, utasema kuna matanga."

Nikamwomba aniletee mmoja mmoja.

Wa kwanza kuja alikuwa yule wa kwenye kamba, msichana kutoka kisiwa kidogo cha Tumbatu, mwembamba, mwenye kusema kwa sauti ya chini. Alikuwa ameukumbatia msala wake, kwa sababu alitaka akitoka kwangu akasali adhuhuri. Nikainamisha kichwa.

"Nakusikia, mwanangu."

"Sijasema kitu bado, mwalimu."

Nikakinyanyua kichwa. Akanieleza kwamba siku moja alipoteza ufunguo wa chumba. Ndio kwanza alikuwa amemaliza kusali, akamwomba mwenzake wafuatane kwa mlezi wakaeleze. Mwenzake alikuwa anasoma, hata hakugeuka.

"Akanambia, 'Huo msala wako, mimi usiniletee.' Hivyo hivyo. Na msala nnao mkononi, naukunja. Nami nikasema basi, kama unamkera, nsimletee. Ndio nikawa natoka."

Huyo mwenzake alikuwa msichana wa bara, kutoka kule kwenye baridi wanakolima viazi, mtoto wa mchungaji. Nilimjua darasani, msichana wa heshima. Pamoja na hayo, semina au si semina, damu ilinichemka. Mtu amekuja kwetu visiwani, tumempokea, halafu anautukana msala. Nilipomwita nilikisimamisha kichwa wima kabisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unaishi vipi na mwenzako?"

Machozi yakamtoka kabla sijamaliza. Alisema mwenzake anamwona najisi. Zamani mwenzake alikuwa akisali humo humo chumbani, na yeye akizima redio, akikaa kimya mpaka amalize. Ghafla, bila ya neno, akaanza kutoka nje kila wakati wa sala, hata mvua ikinyesha. "Nikajua hataki kusali penye mtu kama mimi. Nikaona basi, nitundike shuka, angalau asinione."

"Wewe hukumwambia kitu?"

"Sijamwambia chochote kibaya, mwalimu. Naapa."

Sasa nikawa na watu wawili wanaolalamikiana, na kila mmoja nikimtazama usoni namwamini. Jiografia haina tatizo la namna hii; mto ukipita mashariki haupiti magharibi. Nikamwita yule wa Tumbatu arudi, nikawakalisha wote wawili mbele yangu, nyavu nyuma yao.

"Siku ya ufunguo," nikamuuliza wa bara, "ulimwambia nini mwenzako?"

Akafikiri. "Nilimwambia huo ni msala wake. Nilikuwa na mtihani kesho yake."

"Umesikia, mwalimu?" alisema wa Tumbatu. "Kasema mwenyewe."

"Msala umekukosea nini?" nikamuuliza wa bara.

Akanitazama kama ninayemtega. "Haujanikosea. Lakini mwalimu, nani anapenda msala? Kwetu ukiuona msala unaukimbia. Hata baba kanisani kila Jumapili anaomba Mungu atuepushe."

Wa Tumbatu akaukumbatia msala wake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie maneno ambayo hayakuwamo kwenye semina. Lakini uso wa yule mtoto haukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa na mshangao tu.

"Hebu nambie," nikasema. "Msala kwenu ni kitu gani?"

"Si matatizo? Mtu akiingia kwenye balaa, tunasema kapata msala."

Jikoni mafuta yalikuwa yakichemka, tukayasikiliza.

"Na hiki alichoshika mwenzako," nikauliza, "unakiitaje?"

"Mkeka wa kusalia."

"Huu ndio msala," alisema wa Tumbatu, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Hili ndilo jina lake."

Yule wa bara akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Macho yake yakatoka kwenye msala, yakaja kwangu, yakarudi kwenye msala. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Na kwetu msalani ni chooni."

"Chooni?"

"Chooni."

Wa Tumbatu alianza kucheka kidogo kidogo, kisha akashindwa kujizuia, akaserereka kwenye kiti. "Wallahi, wiki ya mwanzo ulikuwa ukinambia unakwenda msalani! Nami nikajua unataka kusilimu. Mpaka mama nlimpigia simu. Akanambia nisikuharakishe."

Nilicheka mpaka mpishi wa mkahawa akachungulia dirishani. Wa bara alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na kilio kilipozidi mwenzake akaacha kucheka.

"Nilidhani unaniona najisi," alisema wa bara.

"Nani kakwambia? Nilidhani dini yangu inakukera."

"Mimi sina mtu hapa. Nikisema neno sokoni wananijua, wananiuliza natoka wapi. Wewe uko kwenu, ukinikimbia wewe nani atabaki?"

"Kwetu wapi?" alisema wa Tumbatu. "Darasani nlisema mara moja tu, wakaicheka lafudhi yangu. Sijanyoosha mkono tena. Mie mgeni hapa mjini kama wewe."

Hilo mimi sikulijua, na nilikuwa nikiwafundisha wote wawili. Nilidhani yule mtoto ni mpole. Sikuinamisha kichwa, sikusema nakusikia; nilikaa tu, na wao wakaendelea kuzungumza bila ya kunihitaji, mpaka adhana ikasikika. Wakatoka pamoja. Mlezi aliniambia baadaye kwamba shuka limeondolewa na limefuliwa.

Mkuu alitaka kujua nimetumia mbinu gani. Nikamwambia nimeuliza maana ya neno. Hakuridhika, alitarajia kitu kirefu zaidi.

Idi ilipofika, wa bara alivuka kwenda Tumbatu kwa kina mwenzake. Alirudi na hina mpaka kwenye viwiko, na maneno kadhaa ya kule ambayo mwenzake alimfundisha, na aliyatamka darasani kwa sauti kubwa bila ya haya. Waliocheka walicheka, na wa Tumbatu akanyoosha mkono kumsahihisha.

Kabla ya mwezi kwisha walikuja tena chumbani kwangu, wote wawili, wamenuna. Wa bara hawezi kulala bila ya feni. Wa Tumbatu feni inampa kifua. Nikawauliza kama kuna neno lolote ambalo hawajaelewana.

"Hapana, mwalimu," alisema wa bara. "Tumeelewana vizuri sana. Yeye anaizima, mimi naiwasha."

Nikawasukumia sahani ya maandazi, nikawaambia waanze mwanzo.