Umeacha, au Umeachwa?

Kazi yangu ilikuwa kusema alo. Kampuni ilikuwa ikiuza na kutengeneza viyoyozi, nami nilikaa ofisini Azaiba nikipokea simu za watu waliokuwa wakitoka jasho. Wengi walitaka fundi. Wazee wetu, wanaosema Kiswahili kuliko Kiarabu, walitaka fundi na mazungumzo, na bibi mmoja wa Qurayyat alikuwa akipiga hata kiyoyozi chake kikiwa kizima, ili anieleze anapika nini.

Kisha simu zikahamishiwa nchi ya mbali, ambako bei ya kusema alo ni rahisi zaidi. Kiwanda kikihama, watu huona mashine zikipakiwa. Sauti yangu iliondoka bila hata mkoba. Nilikuta simu imenyamaza mezani, nikaambiwa ahsante, basi.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilipotoka eda, zile kelele za watu wenye joto zilinifaa kuliko pole za majirani. Sasa nyumba ilikuwa kimya mara mbili. Nisipopata ule msaada wa serikali wa waliopoteza kazi, nyumba tuliyopanga na marehemu ningeirudisha kwa mwenyewe, nikahamie chumba cha nyuma kwa wifi yangu, Madinat Sultan Qaboos. Wifi ni dada wa marehemu, na televisheni ya kwake haishikwi na mgeni.

"Msaada ule wa watu wa viwanda," aliniambia. "Wewe ulikuwa ukisema alo tu. Utawaonyesha nini, koo?"

Hata hivyo akanisindikiza hadi ofisi ya msaada. Nadhani alitaka kuona nnavyokataliwa.

Kijana wa dirishani alipotusikia akaingia Kiswahili, kile alichokipata kwa bibi yake, cha jikoni na cha kugombezwa. Akatueleza kwamba huduma ni kazi kama kazi nyengine, iwe ya simu au ya kunyoa ndevu, mradi mtu alikuwa na bima na hakuondoka kwa hiari yake. Nikamtazama wifi. Wifi akatazama dari.

"Limebaki swali moja, khalti," kijana akasema, kama anayemwita mama yake mdogo. "Umeacha, au umeachwa?"

"Sikuachwa," nikamjibu. "Hakunitamkia neno hilo hata siku tuliyogombana mbele ya wageni. Nimefiwa."

"Allah amrehemu." Akabonyeza kompyuta. "Basi umeacha mwenyewe. Hapo msaada hakuna."

"Sikuacha."

"Khalti, ama umeacha, ama umeachwa. Hapa pana majibu mawili tu."

Wifi akaniinamia. "Sema umeachwa, tuondoke."

"Kaka yako hakuniacha."

"Nnajua. Nilimshauri, hakunisikiliza."

Nilicheka, halafu machozi yakaja, nikajifanya natafuta kitambulisho mkobani. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na nyumba yangu ilikuwa ndani yake. Nilijua vizuri kijana anauliza kazi, siyo ndoa. Lakini kwetu mwanamke akisema nimeachwa, kila mwenye masikio anajua kaachwa na nani. Nimsingizie maiti talaka, tena mbele ya dada yake? Nikaendelea kupekua mkoba.

Wifi aliniona. Akavuta kiti karibu na dirisha.

"Mwanangu, huyu hakuachwa. Kaachishwa."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyeachwa hurudi kwa mamake. Aliyeachishwa huja kwako."

Kijana akalirudia neno taratibu, kama anaonja chumvi. "Bibi yangu hakunifundisha hilo."

"Kakufundisha. Ziwa hukuachishwa wewe?"

Kijana akainamisha uso, masikio yamemwiva. Akanigeukia. "Khalti, umeachishwa?"

"Nimeachishwa," nikasema, na neno likatoka bila kunikwaruza popote.

Ujumbe wa kukubaliwa ulifika nikichagua mchele. Msaada ni wa muda, mpaka nipate kazi nyengine, lakini unatosha kunibakisha hapa, kwenye sebule ile ile, na kofia ya marehemu ikining'inia nyuma ya mlango.

Wifi anasimulia kila nyumba anayokaribishwa kwamba ni yeye aliyenipatia haki yangu. Ni kweli, simnyimi. Ile sehemu ya kumshauri kaka yake ndiyo anayoiruka kila mara. Hiyo naisimulia mimi.