Ng'ombe wa Risiti Hakuonekana Kanja

Nilijifunza kuandika programu peke yangu, katika chumba cha kupanga kule Nchiru, kwa intaneti ya jirani yangu wa mlango wa pili. Yeye alikuwa anasomea kompyuta chuoni. Mimi sikuwa nasomea chochote. Nilimdharau mapema sana. Mtu anayeziita folda zake "mpya", "mpya2" na "mpya ya mwisho" angenifundisha nini? Mimi nilikuwa nafuta ukurasa mzima kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi, kisha naanza upya.

Hata hivyo tulishirikiana. Ushirika wa maziwa wa kwetu Kanja ulitaka programu ya kutoa risiti, na kijana mmoja wa kuajiriwa kuitunza. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyokubali kumwambia mtu. Nyumbani walikuwa wameanza kuuliza kama kompyuta ni ugonjwa.

Niliandika klasi mama, yaani fungu la programu lenye kanuni zote za risiti. Picha ya ng'ombe, nembo ya ushirika ya kukaa juu ya risiti, niliiweka kando yake, katika folda moja. Mwenzangu akaandika klasi mtoto ya kituo cha Kanja, iliyorithi kila kitu kutoka kwa yangu, akaiweka katika folda yake. Nilijaribu ya kwangu peke yake. Ilikuwa safi. Ya kwake sikutaka hata kuigusa.

Siku ya kuonyesha, kamati ilianza kwa sala, kisha mama mwenyekiti akaniuliza, "Kijana, wewe ni wa nani?" Kwetu huulizwi jina lako, unamtaja mzazi, na boma lako linajulikana. Nikamtaja mama. Wakaridhika. Nikafungua programu kwenye laptop ya mwenzangu. Pakatokea kisanduku cheupe na maandishi mekundu: faili haipo.

"Ng'ombe ako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Ameenda malisho," mzee mmoja akajibu, wakaangua kicheko.

Kabla hawajamaliza kucheka nilikuwa nimejua. Mstari wa kutafuta picha, niliouandika mimi mwenyewe, haukutaja klasi mama. Uliuliza kile kilichokuwa kinaendeshwa: wewe ni wa klasi gani? Kikajibu: mtoto. Basi programu ikaenda kutafuta ng'ombe katika folda ya mtoto, ambako hakuwahi kuwekwa. Dawa yake ilikuwa kuandika jina la klasi mama pale pale kwenye mstari. Lakini mimi siwezi kubadilisha kitu bila kukijaribu upya chote.

"Nipeni nusu saa," nikasema.

"Nusu saa ya nini, bro? Leta hapa."

Mwenzangu akavuta laptop, akafuta mstari wangu, akaandika njia nzima ya pale alipokuwa amenakili folda yangu: diski, jina lake, desktop, "mpya2". Ng'ombe akatokea. Kamati ikapiga makofi. Makofi, kwa desktop ya mtu!

"Mama mwenyekiti," nikasema, "hii itafanya kwa laptop hii pekee. Mkiiweka kwa kompyuta ya ofisi, inakufa."

"Ikikufa, si huyu ataifufua? Wewe uko na maneno mingi, mtoto wangu. Huyu ako na ng'ombe."

Wakamwajiri yeye. Mama yangu alinieleza kwa Kiembu, polepole, kama anayeleta habari za msiba. Nikamjibu kwamba singefanya kazi na watu wa namna ile hata wangenibembeleza. Kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia.

Kompyuta ya ofisi ilikataa, kama nilivyosema, na hakuna aliyeniita. Badala ya kurekebisha mstari mmoja, walimwambia awe anakuja na laptop yake. Sasa kila asubuhi wakulima wazima wanasimama na mitungi yao barabarani, maziwa yakingoja jamaa mmoja aamke, apige mswaki na kufungua begi. Mama yuko katika foleni hiyo. Akirudi huniambia kwamba ni kijana mwenye heshima sana.